Mwaka Ule Kanisa Letu Liliombea Miti ya Uskoti

Sisi watu wa Njombe tuna majivuno ya ajabu: tunajivunia baridi. Mgeni akishuka kwenye basi huku meno yanagongana, hatumwonei huruma hata kidogo. Tunamwambia hii bado, njoo Julai uone umande ulivyoganda juu ya nyasi. Utadhani baridi hiyo tumeilima wenyewe. Mjomba wangu Kefa Mwalongo alikuwa na ugonjwa huu kuliko wote, na ndio uliomponza.

Mjomba Kefa alikuwa kitinda mimba wa babu yangu Methusela na bibi yangu Ema. Mama yangu, Jeni, alikuwa dada yake aliyemtangulia kuzaliwa. Kwao kulikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu kutoka Makambako, kando ya barabara inayopanda kwenda Njombe. Wakati wa mambo haya mimi nilikuwa sijazaliwa, kwa hiyo nimeyapata kwa mama, kwa mjomba mwenyewe, na kwa wazee wa kanisa ambao kila mmoja alikuwa na chumvi yake. Nimeamua kuyafuata ya mjomba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwako, na ndiye pekee aliyekuwa tayari kujicheka.

Nyumba ile niliikuta bado imesimama, na mpaka leo naiota. Nje upepo wa Makambako ulikuwa unapiga mwaka mzima, na ukivuka bonde kuelekea Njombe unakutana na ukungu. Lakini jikoni kwa bibi kulikuwa na joto la namna ambayo sijaipata tena popote, na nimelala kwenye nyumba nzuri kuliko ile. Mafiga matatu, kichanja cha mahindi kimeiva kwa moshi juu ya vichwa vyetu, na watu wanane wamebanana bega kwa bega, kila mmoja anamsukuma mwenzake asimzibie moto. Mjomba alilelewa hapo. Aliyezoea kubanwa hivyo tangu utoto hajui kwamba ni joto hilo linalomwezesha kutamba nje.

Mwaka 1954 mjomba alikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya misheni, hajaoa. Akachaguliwa kwenda kusoma ualimu miaka miwili katika chuo kimoja cha Uskoti, kaskazini kabisa ya Uingereza. Katika vijiji vyetu hakuna aliyewahi kufika huko. Babu, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na mtu wa maneno machache, alilitangaza jambo hilo kanisani kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya mazishi, maana alikuwa anajizuia asicheke kwa furaha. Kanisa zima likaanza kumwita mjomba "Kefa wetu". Neno hilo "wetu" ni zito kuliko linavyosikika. Mtu akiwa wenu hawezi kushindwa peke yake.

Siku ya safari walimsindikiza hadi Makambako kupanda basi la Relwe, yaani shirika la reli, la kwenda Iringa, ili aendelee hadi Dodoma akapande treni ya Dar es Salaam. Makambako wakati ule haikuwa hii ya leo. Ilikuwa njia panda, maduka machache ya bati, na vumbi. Bibi Ema alimvuta mwanawe pembeni, akatoa kwenye kikapu sweta la sufu la rangi ya kahawia, zito, la mikono mirefu. Alikuwa amelifuma mwenyewe miezi mitatu. Kufuma alijifunza akiwa binti, kabla ya vita vya kwanza, alipokuwa akilea watoto wa mmisionari Mjerumani.

"Vaa, mwanangu," akasema. "Huko ni kwingine."

"Mama, mimi mtu wa Njombe," mjomba akajibu, na wenzake walimu waliokuwa wamesimama karibu wakacheka. "Baridi nimezaliwa nayo. Mwache baba alivae."

Bibi hakubishana. Alilikunja sweta akalirudisha kikapuni, akasema, "Haya baba, safari njema." Mama yangu Jeni alikuwapo, na alisema kwamba njia nzima ya kurudi bibi alikikumbatia kile kikapu kifuani. Mjomba naye alisema kwamba basi lilipofika Iringa tu alikuwa ameshajuta, si kwa baridi, bali kwa jinsi mama yake alivyokunja lile sweta taratibu, mkono mmoja juu ya mwingine.

Alifika Uskoti mwishoni mwa Septemba. Wiki za kwanza zilimfurahisha. Miti iligeuka rangi, mingine myekundu, mingine ya njano, akaandika barua ndefu kuieleza. Majira manne aliyajua vizuri. Alikuwa amewafundisha watoto wa darasa la sita kutoka kitabuni, wakaimba kwa pamoja bila kuelewa kitu. Mtoto mmoja aliwahi kumwuliza, "Mwalimu, sasa mti unajuaje kwamba umefika wakati wa kuvua nguo?" na yeye akamwambia anyamaze asome.

Novemba majani yalianguka yote. Halafu jua likaanza kuondoka mapema, leo saa kumi na moja, kesho kutwa saa kumi, hadi akawa anatoka darasani alasiri ikiwa ni giza tupu. Baridi yenyewe haikuwa ile aliyoijua. Ya Njombe inakuuma asubuhi, kisha jua linatoka unasimama ukutani unaliota, unaisahau baridi. Ile ya Uskoti ilikaa. Ilikuwa na unyevu, iliingia kwenye godoro, kwenye vitabu, kwenye mifupa. Na hapakuwa na mtu wa kumsukuma bega. Alipanga chumba kwa mjane mmoja, Misisi Makenzi, mama mkavu wa maneno aliyemwekea chakula mezani, akamwambia saa za kuoga, akafunga mlango. Barabarani watu walipita wameinamisha vichwa. Kwetu ukipishana na mtu bila kumwambia kamwene na kuulizana habari za nyumbani, anajua mmegombana. Mjomba alianza kuamini kwamba mji mzima umegombana naye.

Darasani nako mambo hayakwenda. Lafudhi ya walimu ilimpita, akawa anaandika nusu ya anachosikia. Alikuwa hodari kwao, mtu wa kwanza kila mwaka, na sasa alikuwa wa mwisho na anakohoa. Alitaka kurudi nyumbani. Nasema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema wazi uzeeni: alitaka kurudi nyumbani kuliko alivyotaka chochote maishani. Lakini kurudi bila cheti maana yake ni kushuka kwenye basi pale Makambako mbele ya watu waliomwita wetu.

Basi si angewaandikia wazazi akawaambia? Hapo ndipo penye kisa. Barua iliyotoka mbali, kwetu, haikuwa mali ya mwenye jina kwenye bahasha. Ilisomwa kanisani Jumapili baada ya ibada, pamoja na matangazo, kuanzia salamu hadi sahihi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za wale waliokwenda vitani. Kuificha barua ilikuwa ni uchoyo, sawa na kula nyama umefunga mlango. Mjomba alijua kila neno atakaloandika litasikiwa na watu mia mbili, wakiwamo wanafunzi wake na wale mabinti ambao babu alikuwa akiwaangalia kwa niaba yake. Angeandikaje kwamba analia?

Basi akaandika habari za miti. Ile karatasi ya buluu ya barua ya ndege, inayokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, mama aliitunza mpaka ikapasuka kwenye mikunjo. Ilisema hivi:

"Baba na mama, mimi mzima. Ila miti yote ya huku imekufa. Haina jani hata moja, imesimama mitupu kama kuni. Nyasi zimekauka. Ng'ombe wamefungiwa ndani, hawatoki. Ndege wamehama. Jua linazama alasiri, na watu wanapita bila kusalimiana. Sijui itakuwaje. Mniombee."

Uongo haumo. Ila hakuandika kwamba majani yatarudi. Nilimwuliza kwa nini, akaniambia, "Kitabuni nilijua yatarudi. Moyoni sikuamini."

Barua ilisomwa Jumapili ya kwanza ya Desemba. Babu Methusela ndiye aliyesoma, kwa ile sauti yake isiyopanda wala kushuka, na alipomaliza ikaanza minong'ono. Watu wa kilimo wanajua maana ya mti kufa, nyasi kukauka na ng'ombe kufungiwa. Hiyo ni njaa. Mzee mmoja akasema ni adhabu ya vita, wamepigana mno. Mwingine akasema hapana, ni kodi wanayotutoza. Bibi mmoja akauliza kama wamejaribu kulima mabondeni, maana sisi tunalima vinyungu bondeni kunapokauka, labda Wazungu hawajui. Mwinjilisti Filemoni, aliyependa kujionyesha ana elimu, akaanza kusema kwamba amesikia huko kuna majira, akaambiwa akae chini, Kefa ni mwalimu na yuko huko huko, yeye Filemoni hajafika hata Dodoma.

Likapitishwa azimio: kanisa litaomba kila Jumapili mpaka miti ya Uskoti irudishe majani, na kila nyumba itoe chakula kwa ajili ya wenye njaa wa huko. Wiki hiyo yakajaa madebe saba ya maharage, mahindi, ulezi, na majani ya maboga yaliyokaushwa kwa moshi. Posta wakasema kifurushi hakiwezi kuzidi ratili ishirini na mbili. Wazee wakapima, wakapunguza, wakapima tena. Bibi Ema ndiye aliyeshona kifurushi, kwa kitambaa cha marekani, mshono wa kubana, akaandika anwani kwa wino na kutia lakiri nyekundu. Chakula kilichobaki kanisa lilikila Krismasi, na kwa maelezo ya mama, ilikuwa Krismasi nzuri.

Uskoti mjomba hakujua lolote. Januari alifanya mtihani, akaanguka masomo mawili. Februari theluji ilikuja ikakaa, na kikohozi kikakataa kuondoka. Akaandika barua kwa mkuu wa chuo kuomba aruhusiwe kurudi kwao kwa sababu za afya. Aliiandika mara tatu. Ya tatu akaikunja akaitia kwenye mfuko wa koti kuukuu alilokuwa amenunua, akashuka ngazi asubuhi kwenda kuikabidhi.

Mlangoni alimkuta Misisi Makenzi amekumbatia kitu cheupe chenye mshono. "Hiki kinanuka moshi," mama huyo akamwambia. "Nataka kujua ni nini kabla hakijaingia nyumbani kwangu."

Mjomba alisema harufu ndiyo iliyomwangusha. Alikaa kwenye ngazi pale pale, akaweka kifurushi magotini, akavuta pumzi. Ulikuwa moshi wa jikoni kwao, umesafiri miezi miwili na kitu kwa treni na meli, na haujapungua. Alipasua mshono. Maharage yakamwagika kwenye ngazi za Misisi Makenzi, na mama huyo, badala ya kufoka, akainama kuyaokota moja moja.

Juu ya maharage palikuwa na barua ya babu. Ilikuwa fupi.

"Kefa, chakula hiki si chako. Ni cha wenye njaa wa huko. Kigawe kwa haki, uandike majina ya waliopokea, tuyasome kanisani. Tumeahidi mbele ya Mungu kuomba mpaka majani yarudi. Wewe ndiwe jicho letu. Usiondoke hapo mpaka uyaone, utuandikie. Mama yako anakusalimu, anasema vaa."

Avae nini? Akaingiza mkono hadi chini kabisa, chini ya mahindi na ulezi, na pale chini palikuwa na sweta la kahawia, limekunjwa mkono mmoja juu ya mwingine.

Fikiria kibarua kilichompata. Kwa upande mmoja aibu: watu wake wameielewa barua yake vibaya, na kosa ni lake. Kwa upande mwingine watu mia mbili wanapiga magoti kila Jumapili wakisubiri neno lake. Akiondoka sasa, atawaambia nini? Na majina atayatoa wapi? Kudanganya jina kwenye orodha itakayosomwa kanisani na baba yake hakuweza. Barua ya mkuu wa chuo ikabaki mfukoni siku hiyo, kwa kuwa kwanza ilibidi amwambie Misisi Makenzi habari za maharage.

Alimweleza jikoni, uso umeinama. Watu wa kwetu wanadhani mna njaa. Wamewaletea chakula. Wanawaombea kila wiki. Alisubiri acheke. Misisi Makenzi alikaa kwenye kiti, akaweka mikono mezani.

"Mume wangu alizama na meli wakati wa vita," akasema. "Miaka kumi na nne tulipanga foleni na kadi zetu za mgao kupata kipande cha siagi. Kadi zimekwisha mwaka jana tu. Katika miaka yote hiyo sijasikia mtu wa nchi nyingine aliyeniombea mimi." Akainuka, akatafuta sufuria. "Haya yanapikwaje?"

Yalipikwa kutwa nzima, maana maharage ya kwetu si ya haraka. Misisi Makenzi alikwenda mwenyewe kugonga milango ya mtaa. Wakaja mzee Dankani ambaye hakusikia vizuri, mpeleka makaa na mkewe, mabinti wawili wa duka la mikate, na wengine, wote kumi na mmoja ukimhesabu mwenye nyumba, wakabanana kwenye jiko dogo. Mjomba alikaa katikati amevaa sweta, na karatasi mkononi, akimwuliza kila mmoja jina lake na jinsi linavyoandikwa. Tangu Septemba hakuwa amemwuliza mtu jina. Waliuliza lake pia. Majani ya maboga yaliwashinda, lakini mzee Dankani alirudia maharage mara mbili.

Kesho yake barabarani mpeleka makaa aliinua kofia, akaita jina lake ng'ambo ya pili. Mabinti wa mikate wakamwuliza maharage mengine yatakuja lini. Jumapili iliyofuata Misisi Makenzi alimwambia kwamba kama anasoma, asome jikoni, moto upo na hakuna haja ya kujigandisha huko juu. Binti mkubwa wa mikate akawa anapitia daftari zake na kumsomea polepole maneno yaliyompita darasani. Kikohozi kiliisha Machi. Ile barua ya mkuu wa chuo aliitumia kuwashia moto, na alipotuhadithia hapo alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi.

Kulikuwa na mti mmoja mbele ya nyumba, na mtaa mzima ulijua kwamba Bwana Kefa ameagizwa kuutazama. Walimwuliza kila siku, "Bado?" naye anajibu, "Bado." Siku moja ya katikati ya Aprili, Misisi Makenzi alipanda ngazi mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akagonga mlango na kusema, "Shuka uone." Kwenye tawi la chini vilikuwa vimetokeza vijani vidogo, vimekunjamana, vya kijani ambacho mjomba alisema hajawahi kukiona, kichanga mno. Kwa miezi ile yote hakuwa ameamini.

Aliandika jioni ile ile: majani yamerudi. Akaweka orodha ya majina kumi na moja.

Huku kwetu barua ilipofika, watu walipiga kengele ya kanisa siku ya Jumatano, mpaka wa vijiji vya jirani wakaja mbio wakidhani ni moto. Jumapili babu alisimama kusoma. Akasoma majina yote, akiyavunjavunja: Makenzi, mjane, Dankani, mzee, hasikii. Alipofika kwenye "majani yamerudi" sauti ikakatika. Alijaribu tena ikakatika. Akakaa chini na kufunika uso kwa kofia, mchungaji akamalizia. Watu hawakuwahi kumwona Methusela akilia, hata kwenye misiba. Wakaimba hadi adhuhuri. Mwaka huo mama mmoja alimwita ndama wake Makenzi.

Mjomba alimaliza chuo, akarudi Agosti 1956 na cheti chake, amevaa sweta. Alioa, akafundisha, akawa mwalimu mkuu. Lakini kitu kimoja kilimkaa kooni. Kila mahali alikokwenda, muujiza wa miti ulikuwa umetangulia. Watu waliusimulia kwenye harusi. Wagonjwa waliombewa kwa kutajiwa miti ya Uskoti. Yeye ndiye peke yake aliyejua kwamba miti ile ingerudisha majani hata wangelala usingizi, na hakuthubutu kusema. Mwaka 1959 babu Methusela alifariki, na mchungaji akasema juu ya jeneza kwamba hapa amelala mtu aliyeomba mpaka majani ya Ulaya yakarudi. Mjomba alisimama kaburini akijisikia mwizi. Alimwacha baba yake azikwe na uongo ambao yeye ndiye aliyeuandika.

Alivumilia hadi Julai iliyofuata. Siku hiyo alikwenda kumsaidia bibi kupukuchua mahindi jikoni. Nje baridi, ndani moto, wao wawili na ungo katikati. Akasema yote bila kuinua macho. Kwamba kule miti hupukutisha majani kila mwaka, na kila mwaka huyarudisha. Kwamba haikuwa imekufa. Kwamba alijua, na hakuwaambia, na baba amekufa akiamini.

Bibi Ema alimaliza hindi alilokuwa nalo, akachukua jingine.

"Nimelea watoto wa yule Mjerumani miaka mitatu," akasema. "Mama yao kila ikifika Desemba alikuwa analia, ananionyesha picha za kwao. Miti mitupu, theluji. Kisha ananionyesha nyingine, miti ile ile ina majani. Nilijua habari za miti hiyo kabla wewe hujazaliwa, Kefa. Kwa nini nilikufumia sweta?"

Mjomba aliweka chini hindi alilokuwa ameshika.

"Ulipoandika miti imekufa, nikasema, huyu mtoto hazungumzii miti. Huyu anataka kutuambia jambo, na kanisa zima linasikiliza."

"Lakini baba," mjomba akasema. "Baba aliomba kweli. Alilia."

"Baba yako nilimweleza Jumamosi, barua ilipofika, kabla haijasomwa. Tulikaa hapa hapa. Akafikiri sana. Akasema, tukimwombea Kefa kwa jina watu watajua ameshindwa, na hatarudi tena akiwa mzima. Basi tuombee miti. Yale maneno ya usiondoke mpaka uyaone, ni yake. Alisema tumpe kazi." Bibi akapuliza makapi kwenye ungo. "Kila Jumapili alipokuwa akiomba miti ipate majani, mimi nilikuwa najua anamwomba Mungu nini. Na siku ile aliposhindwa kusoma, nilijua pia."

Mjomba Kefa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini, mwalimu mkuu, na alilia kama alivyolia akiwa mtoto, mdomo wazi. Aliniambia hakumbuki ni kwa muda gani. Anakumbuka tu kwamba mama yake hakuacha kupukuchua, na kwamba baadaye alimsogezea hindi moja kwa mguu, naye akaliokota, wakaendelea na kazi mpaka mahindi yakaisha.